Karatasi Zilizopanda kwa Kikapu

Tuliokuwako siku ile dukani, Ndia Kuu, tulikuwa wanne, nami nitawataja wote asije mtu akasema nimemruka. Mkubwa wetu ni mimi, Mishi binti Omari, niandikaye haya. Alikuwako Nuru, mwanangu wa pekee, mwalimu aliyestaafu, ndiye aliyenishika mkono kuvuka kizingiti. Alikuwako Sakina binti Taherali, Mbohora, ambaye babake ndiye aliyekuwa mwenye duka lile la vitabu. Yeye ndiye aliyetuita, kwa kuwa duka lafungwa na mahali pake patauzwa vinyago vya watalii. Wa nne alikuwa Bwana Mutiso, Mkamba, aliyekuja Mombasa kijana kufanya ukarani Kilindini, na tangu hapo kwao haendi ila kwa maziko. Waliostahiki kuwako na hawakuwako ni watatu, wote wameshatangulia mbele ya haki: Mzee Taherali mwenyewe, Bi Rehema, mamake marehemu mume wangu, na Abdalla, mwana mwingine wa Bi Rehema, shemeji yangu. Hao ndio watu wa habari hii. Mume wangu Swaleh simtii, maana habari yaanza siku aliyozikwa.

Tulikaa juu ya makatoni. Sakina akatumiminia chai, akafunua bakuli la kaimati, na rafu zote zilikuwa tupu, zimeacha michirizi myeupe ukutani pale vitabu vilipoegemea miaka na miaka. Bwana Mutiso ni mtu wa mizaha, lakini siku ile hakutania mtu. Alishika kikombe mpaka chai ikaota ngozi juu, halafu akasema, "Mama Nuru, nina neno la mwaka ule wa eda yako. Mzee alinikataza kulisema. Sasa hata duka limekufa, nani ataniuliza?" Akalisema. Nitaliweka mahali pake, maana nikilitanguliza halitafahamika. Lakini tangu siku hiyo usingizi wangu wa mchana umekatika, naandika tu, na wajukuu wanauliza bibi aandika barua kwa nani. Sikusoma skuli hata siku moja. Nilisoma chuoni, Kurani, nikahitimu, basi. Haya niandikayo kwa herufi za Kizungu niliyapata mwaka ule mmoja, mwaka niliokaribia kumpoteza Nuru kwa dole gumba langu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Nuru ana miwili. Swaleh aliugua homa siku nane, ya tisa tukamzika, nami nikaingia eda: miezi minne na siku kumi, hutoki, hujipambi, hutii wanja wala udi, na mwanamume asiye maharimu wako hakuoni. Chumba changu kilikuwa ghorofa ya juu, kirefu chembamba, kitanda upande mmoja, mtungi wa maji upande wa pili, na dirisha moja la mbao lililotazamana na duka la Mzee Taherali. Ndia pale ni nyembamba hata mtu akipiga chafya upande huu, huombewa rehema upande ule. Nguo zangu zilikuwa nyeupe, chakula changu kikiletwa na Bi Rehema mwenyewe: asubuhi mbaazi na mahamri, mchana wali na mchuzi wa papa, na kila akiweka sinia alikuwa akiniangalia usoni kama mtu apimaye maji ya kisima. Nilimuogopa. Nasema kweli, nilimuogopa mwanamke yule kuliko nilivyoogopa upweke.

Na Abdalla alikuwa mle ndani. Alikuja kutoka Arabuni kwa matanga, akabaki. Alilala chumba cha chini, na saa za adhuhuri sauti yake ilipanda kwa ngazi pamoja na harufu ya kahawa. Siku moja nikiwa namsuka Nuru nilimsikia akisema habari za mkewe, "Zubeda amelia miaka saba, mama. Nyumba kubwa, hapana mtoto." Bi Rehema akajibu kitu sikukisikia. Abdalla akasema, "Mishi yungali kijana, ataolewa. Mume gani atakayetaka mtoto wa mwenzake?" Halafu mlango ukafungwa. Nikabaki nimeshika shungi la nywele za Nuru mkononi mpaka akalia kuwa namuumiza. Mtoto kulelewa na ami yake si jambo geni kwetu, na wengi tumelelewa hivyo na kushukuru. Lakini mtu huombwa kwanza. Nilingoja kuombwa, sikuombwa.

Sasa nije kwenye kikapu. Wanawake wa nyumba zile za juu hatukuwa na haja ya kushuka kununua mkate wala malimau. Kilikuwako kikapu cha ukili chenye kamba, kikiteremshwa dirishani, muuzaji akatia, kikavutwa juu. Mwezi wa kwanza wa eda niliandika kikaratasi kwa herufi za Kiarabu, maana hizo nilizijua, nikaomba Yasini ya kumsomea marehemu. Kikapu kikashuka, Mzee Taherali akatoka, akatia, akarudi ndani bila ya kuinua macho. Yasini ilikuja imefungwa kwa karatasi iliyochapwa herufi za Kizungu. Ndiyo ada yake: vitabu vilivyonyeshewa na mvua bandarini, visivyouzika tena, alivichambua akafungia bidhaa. Nilisoma Yasini. Kisha nikaitandaza ile karatasi ya kufungia magotini nikaitazama alasiri nzima. Nilikuwa kama mtu aliye nje ya nyumba ya arusi, asikia vishindo na hajui ni ngoma gani. Siku ya pili nikairudisha kwa kikapu, nyuma yake nimeandika: *Karatasi hii yasema nini?*

Jibu lilipanda limefichwa chini ya malimau. Kwa herufi za Kiarabu, nzuri kuliko zangu: *Mwanangu, ni hadithi ya fundi makufuli. Nikikuambia yote utastarehe siku moja. Nikikufunza, utastarehe umri wako.* Na chini yake alikuwa ameandika alifu, bee, mim, na kando ya kila moja mwenzake wa Kizungu. Nikaona ni mchezo. Kosa langu la kwanza lilikuwa la mtu wa chuoni: nilianza kila mstari kuliani. Siku sita nilihangaika na maneno yaliyokataa kutamkika, nikamwandikia kuwa huyu fundi wenu ana kichaa, maneno yake hayana maana. Akanijibu, *Fundi mzima, wewe waingia kwake kwa mlango wa nyuma.* Nilicheka peke yangu chumbani, nikajifunika mdomo kwa upande wa nguo, maana mjane hacheki mwezi wa kwanza.

Neno la kwanza nililolisoma bila ya msaada lilikuwa *mlango*. Sijui niwaambie vipi. Nililisoma, nikatazama mlango wangu, nikalirudia. Hata Nuru akauangalia mlango kuona ni nani anayeingia. Tangu hapo kila alasiri, Bi Rehema akishajinyoosha baada ya kuswali adhuhuri, nilifungua dirisha kidole kimoja, nikateremsha kikapu. Karatasi moja ikipanda, iliyotangulia ilishuka na maswali yangu nyuma yake kwa kalamu ya risasi, ikarudi na majibu. Hadithi ilikuwa hivi: tajiri mmoja alimtaka fundi alitengezee sanduku lake kufuli, akamwapisha asilifungue maishani mwake, hata aombwe na nani. Tajiri akafa. Mjane akaja kwa fundi na sanduku kichwani. Nilikwenda na yule mjane karatasi kwa karatasi, nikaijua nguo yake, nikaijua kiu yake. Nilikuwa nimefungiwa chumba kimoja nami nazunguka mji mzima.

Lakini starehe ile ilikuwa na jasho. Fikirini: mjane ndani ya eda, apokezana makaratasi na mwanamume dirishani, tena si jamaa, tena si wa watu wetu. Angeona mtu mmoja tu, ningekuwa habari ya mji kabla ya magharibi, naye Mzee Taherali angefunga duka. Nilizificha karatasi chini ya mkeka nyuma ya mtungi. Kila nikisikia hatua ngazini nilikimbilia kuukalia.

Mwezi wa tatu nilitoka msalani nikamkuta Bi Rehema ameketi juu ya mkeka wangu, karatasi zote mapajani. Nuru yuko miguuni pake, yuwala kipande cha mkate. Hakuniambia kaa. Alikuwa akipitisha kidole juu ya ule mwandiko wa Kiarabu, midomo ikimcheza, maana naye alihitimu chuoni kama mimi, na herufi za Kizungu hakuzijua hata moja. Akasoma ya kwanza, akaiweka. Akasoma ya pili. Nilijua akisema neno moja kwa Abdalla nitatolewa nyumba ile bila mtoto, na hapana mtu Mombasa atakayesema nimeonewa.

Alipomaliza alizilinganisha karatasi ncha kwa ncha.

"Mtungi huu wavuja," akasema. "Wino wa watu utaharibika. Tia humu." Akanisogezea sanduku lake dogo la nguo za kuswalia. Alipofika mlangoni akageuka. "Na ukicheka, cheka kidogo kidogo. Mimi si kiziwi."

Sikulala siku zile nikijiuliza yule mama yu upande gani. Siku ya tatu yake mambo yakageuka. Hadithi ikakatika. Zilikuwa zimebaki karatasi mbili, mjane amepiga magoti mbele ya fundi, nami nateremsha kikapu, na kilichopanda hakikuwa hadithi. Ni kipande cha daftari, Mzee Taherali ameandika kwa mkono wake herufi kubwa za Kizungu, neno chini ya neno: *naridhia. mtoto. kumkabidhi. kwa hiari yangu. amlee. dole.* Hapana maelezo. Nikamwandikia, *Na fundi je?* Akajibu, *Fundi atangoja. Haya kwanza. Yasome mpaka uyasome ukiwa na khofu.* Nilikasirika. Maneno mabaya, makavu kama miba ya samaki. Siku ya pili akaleta yale yale, ameyapanga vingine. Siku ya tatu vile vile, na mara hii alikuwa ameandika na jina la Nuru.

Hapo nikaacha kukasirika, nikaanza kuogopa. Nilimwandikia, *Kuna nini?* Kikapu kilipanda kitupu. Nikakiteremsha tena, kikapanda kitupu. Nikachungulia kwenye ufa wa dirisha nikamuona amesimama mlangoni pa duka, mikono nyuma, atazama chini kama mtoto aliyefanya kosa. Basi nikayasoma maneno yale mpaka nikawa nayasoma nikioga, nikiswali yakiniingilia, Mungu anisamehe.

Zilikuwa zimebaki siku kumi na mbili eda yangu iishe. Abdalla alisimama nyuma ya mlango akabisha. "Shemeji, safari yangu ni Jumamosi. Kuna karatasi ya haki za marehemu kazini kwake. Yataka dole lako tu, iende." Nikasema, "Ahsante, shemeji."

Ijumaa baada ya swala walikuja. Pazia lilitungikwa katikati ya chumba cha chini, nguo nene ya maua. Upande huu mimi, Bi Rehema, na Nuru amelala mapajani mwangu. Upande ule Abdalla, na kijana karani aliyeiandika karatasi, ndiye huyu Bwana Mutiso. Na shahidi, kwa kuwa Abdalla alitaka mtu wa heshima ajuaye kusoma, alimchukua jirani wa mbele, Mzee Taherali. Nilimjua kwa kikohozi chake. Kahawa ikapita, na halua. Nilisikia vikombe vikigongana, nikasikia Abdalla akicheka na karani, "Mutiso, wewe mwandiko wako mzuri, utapata mke wa pwani." Halafu kibati cha wino kikaingia chini ya pazia, na karatasi nyuma yake.

Bi Rehema ndiye aliyenishika mkono akanichovya dole gumba. Nikaitazama karatasi. Macho yakaenda kuliani, kama yalivyozoea tangu utoto, yakakuta mistari mitupu na mahali pa dole. Nikasema moyoni, mlango wa nyuma, Mishi, mlango wa nyuma. Nikayarudisha kushotoni. Na pale, katika mstari wa pili, nikaliona jina la mwanangu, na mbele yake lile neno lililokaa kama mwiba, *kumkabidhi.*

"Ni dole tu, shemeji," akasema Abdalla. "Pale chini."

Sauti ya mjane ndani ya eda haitolewi mbele ya wanaume wa watu, na mimi sikuwa nimewahi kumjibu shemeji yangu ila kwa ndiyo. Dole langu lilikuwa hewani, wino wataka kudondoka. Bi Rehema akanitazama usoni, kwa yale macho yake ya kupima kisima.

"Mishi," akasema. "Soma."

"Mama, asome nini?" akasema Abdalla. "Hajui."

"Kama hajui atanyamaza. Soma, mwanangu."

Nikasoma. Nilisoma kama mtu atembeaye juu ya mawe ya ufuoni, neno, nasimama, neno. *Mimi, Mishi binti Omari, mjane wa Swaleh, kwa hiari yangu naridhia kumkabidhi mwanangu Nuru kwa ami yake Abdalla, amlee huko aendako, wala sitamtaka tena.* Nuru aliamka, akasikia jina lake, akaniuliza, "Naitwa na nani?"

Abdalla akasogea karibu na pazia. Alipo­sema sauti yake ilikuwa ya chini, nayo ndiyo iliyonitisha. "Ni nani aliyemfunza kusoma, ndani ya eda?"

Hatua nne kutoka kwangu, nyuma ya nguo ile, alikuwa ameketi mtu mwenyewe. Akisema ni mimi, ameniharibia. Akinyamaza, wataulizana mpaka wajue. Nilimsikia akikohoa, nikajua yuwataka kusema.

"Mimi," akasema Bi Rehema.

"Mama, wewe hujui Kizungu."

"Waniambia mimi mwongo, Abdalla? Mbele ya majirani?"

Mtoto gani wa kiungwana atamjibu mamake ndiyo, mbele ya watu na kahawa yake ingali mkononi mwao? Nilisikia kiti kikisogezwa. Karani akasema kwa kigugumizi, "Basi, kama mamake mtoto hajaridhia, karatasi haina kazi." Bi Rehema akaichukua, akaikunja mara nne, akaitia kifuani. Dole langu bado lilikuwa na wino. Nikalifuta kwenye nguo yangu nyeupe ya eda, na alama ile haikutoka kwa sabuni wala kwa jua.

Abdalla alisafiri Jumamosi, hakumbusu mamake mkono. Sitaki mumuone kuwa ni mtu mbaya. Alikuwa na mke aliaye na nyumba isiyo na kelele, akadhani mtoto ni kitu kiwezacho kuhamishwa kama kilivyo. Lakini hakurudi tena. Bi Rehema alifia mkononi mwangu miaka mingi baadaye akiuliza kama Abdalla amefika. Gharama ya neno lake moja nyuma ya pazia aliilipa yeye, si mimi, na hakunikumbusha hata siku moja.

Eda ilipokwisha nilioga, nikavaa buibui, nikavuka ndia. Hatua kumi na moja. Mzee Taherali alisimama, na ndiyo mara ya kwanza kusemezana kwa midomo. Nilimtaka karatasi zangu mbili za mwisho. Alinipa moja. Akapekua ya pili juu na chini, chini ya meza, ndani ya pipa, kofia imemwenda upande. "Mwanangu," akasema, "nahisi nimemfungia mtu chupa ya wino." Nilitamani kulia, naye pia. Kwa aibu ile aliweka ubao wa kukalia nyuma ya rafu, kila Alhamisi alasiri, mwanamke yeyote aje asome kitabu chochote, asinunue. Wa kwanza kuketi pale baada yangu alikuwa Bi Rehema, na miwani ya kuazima. "Nifunze upesi," akaniambia, "ule uwongo wangu upate kuwa kweli kabla sijaulizwa." Alijifunza kwa miezi tisa, akigombana na kila herufi. Nuru alikulia chini ya ubao ule.

Nilimuuliza Mzee mara nyingi kwa nini hakuniambia wazi. Alikuwa akijibu, "Mimi ni wa dukani, yeye nduguye marehemu. Neno langu lingekufaa nini?" Nikaridhika nusu. Nusu nyingine ndiyo aliyonipa Bwana Mutiso juu ya katoni mwaka huu. Alisema yeye ndiye aliyekwenda dukani kununua karatasi, na kwa kuwa Kiswahili chake kilikuwa cha bara, akamuuliza Mzee lina maana gani neno alilotajiwa na Abdalla, kumkabidhi mtoto. Akamtajia na majina. Akamwapisha asiseme, maana angefukuzwa kazi. "Nilikuwa niiandike kwa Kiingereza, Mama Nuru, kama makaratasi yote ya ofisini. Mzee aliniambia, iandike kwa Kiswahili. Herufi kubwa, zisishikane. Nikamuuliza kwa nini. Akasema, mashahidi wazee, macho yao mabovu. Mimi nikaandika."

Nuru aliweka kikombe chini. Sakina akajifuta macho kwa ncha ya rida yake. Mimi nilikuwa namfikiria yule fundi makufuli, aliyeapa kutolifungua sanduku, na mjane yuko mbele yake amepiga magoti. Miaka yote hii nimejiuliza alifanya nini. Sasa nadhani najua. Hakuvunja kiapo chake, wala hakumrudisha mjane mikono mitupu. Alimketisha karakanani akamfunza kuchonga ufunguo.

Lakini hiyo ni dhana yangu, mzee wa kuhitimu chuoni. Karatasi ya mwisho ilitoka na chupa ya wino, ikaingia nyumba mojawapo ya mji huu. Kama iko kwenu, imetandikwa ndani ya droo au imefungiwa kitu cha marehemu wenu, isomeni, kisha njooni mniambie nilipokosea. Na kama ni majina ya watu nimeyachanganya, au siku, au idadi ya hatua za kuvuka ndia, niambieni pia. Nitaketi nisahihishe. Kalamu ninayo.